Bado Naitwa Mateso

Ile siku, mwanangu, nikiikumbuka, moyo bado unanichemka. Ulikuwa mchanga, kitovu kimeanguka juzi tu, homa ikakushika. Kituo cha afya hapa Kabambare wakakupa dawa, ukaanza kupoa. Lakini jirani yetu wa kikundi cha maombi akaja na wenzake, akakutazama, akatikisa kichwa.

"Dada Mateso, shida haiko malaria. Shida iko jina lako. Mateso atazaa nini? Toka leo unaitwa Ushindi. Na ufunge, hata maji usiguse, Mungu aone kama unataka kweli mutoto apone."

Mimi nilikuwa nimeota makubwa juu yako, hata rangi ya nguo zako za shule nilikuwa nimeichagua. Nikaogopa. Nikafunga, nikakesha nao. Kesho yake maziwa yakakauka. Ukavuta titi, ukalia, ukavuta tena. Wale mama wakazidisha nyimbo, kilio chako kisisikike. Hilo, mwanangu, sijalisahau.

Ndipo pikipiki ikasimama uani. Bibi yangu amefika kutoka Wamaza, matope mpaka magotini, kikapu cha sombe, majani ya muhogo, mapajani. Hakusalimu mtu.

"Huyu mutoto analilia nini?"

"Mama yake anafunga, Bibi," jirani akasema. "Iko vita ya kiroho."

"Anafunga? Na ananyonyesha? Yesu alisema mumuletee kwanza maziwa ya mutoto ndipo aponyeshe?"

"Lakini jina lake..."

"Jina nilimupa mimi! Alizaliwa porini, tunakimbia vita, na Mungu alikuwa pale pale. Hakungoja tutafute jina nzuri. Leo amekuwa kiziwi, mpaka mumupigie kelele na tumbo tupu?"

Mama mmoja akacheka, akaficha mdomo kwa kitenge. Bibi akanigeukia.

"Na wewe, kula. Ukimaliza, lala. Mungu halali. Sasa unakesha umusaidie nini?"

Nikala bugali na sombe huku machozi yananitoka. Nikalala. Kulipokucha, blauzi yangu ilikuwa imelowa maziwa. Ukanyonya mpaka ukasinzia, titi likiwa bado mdomoni.

Sikatai kufunga, mwanangu. Mimi mwenyewe nafunga. Ninalolikataa ni kumtisha mama mwenye mtoto mgonjwa, kisha kusema ni Mungu. Mtu akikuambia Kristo alikufa msalabani, halafu bado anangoja umalizie kazi yake kwa njaa yako, mkatalie, hata kama Biblia iko mkononi mwake. Neema umepewa. Hukuipata kwa kulia sana, wala hutaipoteza kwa sababu ya jina la mama yako. Kunywa dawa, omba, kisha mwachie Mungu. Hata akichelewa, hata akijibu vingine, wewe ni wake.

Jirani hata leo ananiita Ushindi. Siitiki.

Mungu aliyenipokea porini akushike na wewe, mwanangu, popote utakapofika. Akushibishe. Na usiku ukiingia, akupe usingizi, maana yeye yuko macho.