Mwimbaji Aliyezaliwa Mwaka Mmoja na Mama

Babu yangu mzaa mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Kivu ya Kusini, na ukuta wa sebule yake haukuwa na rangi. Ulikuwa na watu maarufu. Alikuwa akikata picha kwenye magazeti ya zamani, mengine yamefungiwa sukari au samaki, na kuzibandika kwa uji wa muhogo. Mstari wa juu kabisa ulianza na mpiga gitaa mwenye miwani myeusi, karibu yake askofu. Wa pili ulianza na bondia, akafuata mwanamke daktari aliyevaa koti jeupe. Wa tatu ulikuwa wa mwigizaji wa sinema na mwandishi mmoja mwenye uso wa hasira. Wa nne, uliokuwa sawa na macho yangu nilipokuwa mtoto, ulikuwa na mchezaji mpira, mkimbiaji wa mbio ndefu na mwimbaji mwanamke aliyevaa viatu virefu.

Chini ya kila picha babu aliandika kwa wino mwaka wa kuzaliwa wa mwenye picha. Chini ya mwimbaji aliongeza maneno machache: mwaka mmoja na binti yangu. Binti huyo ndiye mama yangu.

Siku ile picha ilipobandikwa mimi ndiye niliyeshika bakuli la uji. Miaka sikuisoma, nilikuwa nikitazama viatu. Mama naye alijua kusoma vizuri, ila namba hazikuwahi kukaa kichwani mwake. Alichoshika ni kwamba yeye na yule mwanamke wa kwenye picha ni wa mwaka mmoja, na jambo hilo lilimtosha. Mwimbaji akitoa wimbo mpya, mama alijisikia kama aliyepata habari za mtu wa kwao. Baadaye vita vilikuja, nyumba ikaungua, na ukuta ukaenda na nyumba.

Tulipofika Nakivale, makazi ya wakimbizi hapa Uganda, tuliandikishwa kwenye foleni mbili tofauti, kwa sababu mimi nilikuwa na watoto wadogo. Mimi nilikuwa na kadi yangu ya ubatizo, karatasi pekee tuliyovuka nayo, kwa hiyo mwaka wangu haukuwa na shida. Mama hakuwa na karatasi yoyote. Walipomuuliza mwaka, akasema ule wa mwimbaji. Alikuwa ameusikia redioni miaka mingi baada ya ukuta kuungua, mtangazaji akimsifu mwanamke yule kwa kuonekana kijana. Mama hakuona sababu ya kubishana na redio. Siku na mwezi waliandika tarehe mosi Januari, kama walivyowaandikia nusu ya majirani zetu. Tungekuwa watu wa kusherehekea siku za kuzaliwa, kila mwaka mpya Nakivale ingehitaji keki ya lori zima.

Kwa miaka mingi hakuna aliyeziweka kadi zetu mbili pamoja. Halafu ukaja uhakiki, kila familia ikaitwa ofisini. Afisa aliyetupokea alikuwa Mganda mwenye sauti ya upole, na upole wake ndio ulioniudhi zaidi. Alitazama kadi ya mama, akatazama yangu, kisha akabonyeza kikokotoo.

"Nyabo," akaniambia, yaani bibi, "huyu mama alikuzaa na miaka tisa?"

"Bosi, huyu ni mama yangu mzazi."

"Hapana. Miaka tisa haiwezekani. Labda iko shangazi, labda jirani. Si vibaya, lakini lazima tuandike ukweli."

Nilipandisha sauti. Mimi hasira zangu ziko karibu, kila anayeuziwa kitenge na mimi analijua hilo. Afisa hakupandisha yake. Aliandika kwamba undugu wetu haujathibitika, na kwamba tutatenganishwa kwenye faili, kila mtu na namba yake. Kila mkimbizi anajua maana yake. Siku wakikupeleka kuishi nchi ya mbali, hawampeleki ambaye faili inasema si wako. Tulipewa mwezi mmoja wa kuleta uthibitisho.

Tulirudi nyumbani, mama akitangulia. Akakaa kwenye kigoda chake, akanitazama.

"Bamesema siko mama yako," akasema. "Nilikuzala siku mbili, mvua inanyesha, na leo siko mama yako."

Kuanzia siku hiyo akabadilika, na hakubadilika kwa namna niliyoitegemea. Akawa na adabu kwangu. Mama yangu, mwanamke ambaye tangu nina akili hajawahi kuniita bila kunituma, akaanza kuniomba. "Kama una nafasi, nisaidie chumvi, tafazali." "Usisumbuke, maji nitachota mwenyewe." Nikimwekea chakula ananishukuru kama mgeni aliyefika usiku. Nilimwambia aache. Akasema hafanyi kitu, anaheshimu tu bantu ba serikali. Niliumia kuliko nilivyoumia ofisini. Afisa alitutenganisha kwenye karatasi, mama akawa anatutenganisha jikoni.

Wiki ya pili nilikwenda mjini Mbarara kununua vitenge, kama ninavyofanya kila mwezi. Nilipomaliza nikaingia kwenye kibanda cha kompyuta na fotokopi karibu na soko. Mchapaji alikuwa dada Mnyankore mwenye kucha ndefu. Nilimwambia nataka kujua mwaka wa kuzaliwa wa mwimbaji fulani. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: pengine mama alisikia vibaya redioni.

Hakusikia vibaya. Mwaka uliotokea kwenye kompyuta ulikuwa uleule wa kwenye kadi yake. Nikaomba kiti.

"Mama, pole," dada akasema. "Huyu mutu ni ndugu yako?"

Nikamweleza habari za ukuta. Akapenda hadithi, na siku hiyo hakuwa na wateja. "Taja wengine," akasema, "tuone hiyo mzee alikuwa anajua." Basi nikafumba macho, nikausoma ukuta kutoka juu kama nilivyouona nikiwa na bakuli la uji, mimi nikitaja jina, yeye akisoma mwaka kwenye kompyuta. Mpiga gitaa: miaka ya thelathini. Askofu: thelathini. Bondia: arobaini. Daktari: arobaini. Mwigizaji na mwandishi wote wawili wa hamsini. Hapo nilifumbua macho. Kumbe babu hakubandika ovyo. Kila mstari ulikuwa na miaka yake kumi, mwalimu wa watu, hata sebuleni alikuwa darasani. Mchezaji mpira: sitini. Mkimbiaji: sitini. Na kwenye mstari huohuo, kati ya watu wa miaka ya sitini, alisimama mwimbaji na viatu vyake, ambaye kompyuta ilidai ni wa miaka ya sabini.

"Babu yako alikosea," dada akasema.

Nilijua babu hakukosea. Alimbandika mwanamke huyo alipokuwa ndiyo kwanza anaanza kusikika, kabla hajawa na sababu ya kupunguza miaka. Nikamwomba dada atafute jambo moja zaidi. Mwimbaji ana mtoto wa kiume, mchezaji mpira wa kulipwa, kila mtu anamjua. Amezaliwa lini?

Dada akatafuta, akahesabu kwa kucha zake, halafu akaanza kucheka mpaka akashika meza. Mwana alikuwa mdogo kwa mama yake kwa miaka minane.

Nilimlipa achapishe kurasa zote mbili, na picha moja ya mama na mwana wamekumbatiana uwanjani.

Siku ya ofisi nilikwenda na mama. Nilikuwa nimejiapiza kutopandisha sauti. Nikaweka picha mezani.

"Bosi, huyu mwanamke unamjua?"

"Nani hamujui? Kwa harusi yangu kule Bwizibwera tulicheza nyimbo yake."

"Na huyu?"

"Si mtoto yake? Huyo namba tisa, hatari kabisa."

"Una hakika ni mtoto wake?"

"Nyabo, dunia yote inajua."

Nikampa zile kurasa mbili nikamwomba achukue kikokotoo. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Kisha akatazama picha, akamtazama mama, na upole wake ukapata aibu kidogo.

"Huyu mama ya muziki anadanganya miaka," akasema polepole.

"Yeye alidanganya," nikamwambia, "mama yangu ndiye aliyeandikwa uongo huo."

Nilimweleza kuhusu ukuta na ile mistari. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo sikulitegemea. Akasema habari za muziki hawezi kuziweka kwenye faili. Tulete watu wawili wazima waliotujua huko kwetu, wasaini undugu wetu na umri wa mama. Wanawake wawili wa kijiji chetu tulikuwa nao hapahapa, mmoja alikuwepo mama aliponizaa na anakumbuka mvua. Mwezi mzima nilikuwa nimezunguka nikitafuta karatasi, na sikuwahi kufikiri kwamba jirani ninayeazimana naye chumvi ni uthibitisho.

Njiani kurudi nilimtukana mwimbaji kwa lugha zote ninazozijua. Yeye anachagua mwaka anaoutaka, dunia inampigia makofi, na hakuna afisa anayemuuliza alizaaje akiwa na miaka minane. Sisi mwaka tunachaguliwa, tena na siku juu yake. Mama hakunisaidia kutukana.

"Umuache," akasema. "Ile kazi yake haipendi bamama bazee. Angefanya nini?"

Kadi mpya ilitoka baada ya wiki kadhaa. Mama aliipokea kwa mikono miwili, hakunionyesha, akaiweka kifuani mpaka nyumbani. Akakaa kwenye kigoda. Akaupitisha kidole mwaka wake mpya, wa miaka ya sitini, tarakimu moja moja, tarehe mosi Januari ikiwa bado palepale. Chini yake kulikuwa na jina langu, na mbele ya jina neno moja: binti.

Mimi nilisimama mlangoni. Nilikuwa nikiogopa kwamba atanishukuru.

Akainua uso.

"Weye! Unasimama fasi ile unangojea nini? Bidon iko mutupu tangu asubui. Kwenda kuchota maji!"

Nilinyakua jerikani nikatoka mbio, mtu mzima na wajukuu wangu, machozi yananitiririka mbele ya majirani. Nilikuwa nimeshafika barabarani nilipomsikia tena, sauti yake kali kama zamani.

"Na usikawie!"