Kaka wa Bibi Harusi

Mwaka 2011 mwanamke niliyempenda aliniomba niketi upande wake kama kaka siku ya posa yake, nami nikakubali. Heri ningekataa palepale mlangoni kwake.

Alikuwa mjane, Mrundi kama mimi, akishona nguo katika ghorofa niliyokaa kule Point, Durban. Mimi nilifiwa na mke zamani, nikilinda magari mbele ya maduka. Kanisani walishaanza kututania. Kilichobaki ni mimi kutuma wazee wakaongee naye.

Sikutuma, na sababu ni mashairi.

Binti wa jirani alisoma chuo kikuu, huko juu Berea. Jioni alinieleza mashairi ya Waingereza wa kale, enzi za wapanda farasi wenye mavazi ya chuma. Mwanamume wa mle anampenda bibi wa jumba kubwa kuliko roho yake. Hamwombi kitu. Anamtumikia, anakonda, halali usiku. Akitupiwa jicho moja tu, ameshiba mwezi mzima. Ndoa haitajwi, maana mara nyingi bibi ana mume.

"Na mume anasema nini?"

"Mzee, mume yuko vitani."

"Ah, sharp, hapo sawa."

Nilinogewa. Nikaona kutuma wazee ni kazi ya watu wasio na mashairi. Lifti ilipoharibika nilimpandishia cherehani ngazi zote. Nilimbebea unga, nilimbebea gesi. Nilijaribu kukonda nikashindwa, kwa sababu kila nikimpelekea kitu alinipa sahani ya maharage na ndizi.

"Lakini mzee, iko mengine," binti alisema. "Kuna mmoja anamwoa bibi yake, na anaapa hata ndani ya nyumba hatakuwa bosi."

Nikamwambia hayo atanisomea siku nyingine.

Sasa, kwetu mwanamume anayembebea mjane mizigo mwaka mzima bila kutuma wazee huhesabiwa ndugu. Nilisahau. Yeye hakusahau.

"Iko mtu wa mtaa wa Sydenham," aliniambia mlangoni. "Anataka kutuma wazee Jumamosi." Akanitazama. "Hauna la kusema?"

Wale wa mashairi hawaombi. Nami sikuomba.

"Basi mimi sina ukoo hapa Durban. Utaketi kwangu kama kaka. Ao hutaki?"

"Nitaketi," nikasema, nikainama kwa heshima kama wao.

"Eish, mgongo tena?"

Jumamosi nilivaa suti. Kaka wa bibi harusi hatakiwi kulainika upesi, nami nilikuwa na sababu zangu. Niliwarudisha wazee wa Sydenham nje, wakaongeza mablanketi; nikawarudisha tena, wakaongeza soda. Nilimsifu dada yangu mpaka kina mama wakapiga vigelegele. "Kaka ni mkali!" walicheka. Mwisho nikapokea vinywaji, ndiyo ishara kwamba ndugu wamekubali kumtoa, na bwana harusi akanikumbatia. "Shemeji!"

Mwaka 2014 shemeji alifariki. Nilingoja matanga yapite, matanga yakawa miezi, kisha nikaenda kumwambia yote, pamoja na wapanda farasi. Alicheka mpaka akajifuta machozi.

"Siku ile mlangoni nilikuwa nangoja useme neno moja tu," alisema. "Sasa ulipokea vinywaji vyangu mbele ya kanisa lote. Nani ataolewa na kaka yake?"

Wazee wa kanisa nao walisema hivyohivyo. Kwa kukubali kuwa kaka nilikosa mke aliyekuwa tayari kunikubali, na nimezeeka peke yangu.