Simu Iliyojipiga Saa Nne

Siku yangu ya kwanza kazini Dodoma, Mkurugenzi alinikabidhi ufunguo wa chumba chenye kompyuta tatu na feni moja. "Binti," akasema, "soko huria limetuletea hizi. Zisituaibishe." Mtandao wenyewe ulipita kwenye waya wa simu, kupitia modemu, kijisanduku kinachopiga namba kama mtu. Kikiwa kazini, laini haipokei simu nyingine.

Mwaka wangu wa pili, laini ikaanza kukaliwa kila asubuhi saa nne. Wenzetu wa Chamwino walilalamika kwamba hawatupati. Lawama zikamwangukia Mzee Ndahani, opareta wetu wa simu, asiyeona, aliyesomea shule ya wasioona ya Buigiri. Mkurugenzi alidhani anapiga soga, akamwandikia barua ya kumtaka ajieleze. Baada ya barua hiyo, hufuata kufukuzwa.

Nilimkuta ameinama mezani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Laini ikikaliwa nasikia mluzi, halafu mkwaruzo kama mchanga juu ya bati. Binadamu haongei hivyo."

Nikajua ni modemu. Lakini nani aliituma ipige?

Kesho yake niliwatoa wote kwenye kompyuta, nikaketi na Mkurugenzi. Ilipofika saa nne, taa za modemu zikawaka. Hakuna aliyegusa kitu.

"Nani anapiga?" Mkurugenzi akashtuka.

Nikaanza kuzima programu zinazojiendesha zenyewe, moja baada ya nyingine. Chumba cha pili, Mzee Ndahani alikuwa na simu sikioni.

"Bado!" akapaza sauti. "Bado... Kimenyamaza!"

Niliyoizima ilikuwa programu ya saa, iliyokuja na kompyuta kutoka kiwandani. Kila asubuhi ilipiga simu kuuliza muda sahihi kwa mashine ya mbali, na tangu mashine hiyo ilipoacha kujibu, iling'ang'ania laini.

"Yaani inauliza ni saa ngapi?" Mkurugenzi alicheka hadi akavua miwani. Kisha akaenda kwa opareta, akaichana ile barua mbele yetu sote. "Mzee wangu, nilikukosea. Nisamehe."

"Nimesamehe. Ila ikitaka saa tena, iniulize mimi."

Ofisi nzima ilivunjika mbavu.

Baadaye nilihamishiwa Kondoa, kisha Singida, chini ya wakuu wakali na wapole. Sasa nimestaafu, nakaa Mkonze. Vijana huniletea mashine zinazotuma vitu wasivyovielewa, tayari wana jina la mtu wa kumlaumu. Nawaambia wazime programu moja moja, wasubiri, wasikilize. Kikinyamaza, huwa napiga makofi kama mtoto.