Mstari wa Pili

Juzi nilipanga foleni kwenye ofisi moja hapa Ngara, nyuma ya akina mama wawili waliokuja kusajili kikundi chao cha kutengeneza juisi.

"Mko wilaya gani?" karani aliuliza.

"Mashine iko kwangu Mugoma, hapa Ngara," alijibu mkubwa wao. "Mananasi yako kwa mwenzangu huyu, kule Nyamahanga, Biharamulo."

"Mama yangu, fomu ina mstari mmoja tu. Chagueni wilaya moja."

"Tukichagua moja, juisi itatoka wapi? Chora mstari mwingine, mwanangu. Rula hiyo hapo."

Karani akatazama mlangoni, akachora.

Nimehudhuria semina nyingi za ushirikiano na ubunifu, zote na wali kuku. Hii ya rula haikuwa hata na chai, na ndiyo pekee niliyoielewa.