Ngata Yangu Chini ya Mtungi wa Dada

Rafiki yangu unayesoma, sogea hapa karibu. Haya nakwambia wewe kama ninavyomwambia mwenzangu tuliyeteka naye maji miaka mingi. Kusoma na kuandika nilijifunza ukubwani, darasa la jioni la misheni, macho yanafumba kwa uchovu, kwa hiyo usitafute maneno makubwa.

Kwetu Newala mji uko juu, ukingoni, na maji yako bondeni. Mwanamke anaamka jogoo wa kwanza, anashuka mteremko, anangoja kisima kijae, halafu anapanda na mtungi kichwani mpaka jua limeshatoka. Mimi nilipanda hivyo tangu msichana. Nilipoolewa nikapanda na mimba, na mimba zikatoka. Nikafika umri ambao wenzangu wote wanaitwa Mama fulani, mimi hata watoto wa jirani wananiita "dada". Sikumkasirikia Mungu. Ila nikisikia mtu anaitwa Mama, nilikuwa nainama najifanya natafuta kitu chini.

Basi ikaingia mimba nyingine. Vita ya Maji Maji ilishapita, njaa yake nayo inaanza kutuachia. Mkunga akanipapasa tumbo akasema, "Huyu atakaa, kama utauacha mteremko."

"Bibi, na nyumba itakunywa nini?"

"Hilo mimi silijui. Nimekwambia la tumbo."

Dada yangu alikimbilia pwani wakati wa vita, akaolewa kisiwani, ng'ambo kidogo ya Mikindani. Wauza chumvi walimfikishia habari zangu, wakarudi na jibu lake: nipelekwe huko nikapumzike mpaka nijifungue, huko hakuna mlima. Mama yangu akasema maji ya nyumba yangu atachota yeye. Mume wangu akanipeleka, tukatembea polepole, mzigo kabeba yeye, watu wanamcheka njiani. Mimi nilibeba ngata yangu tu, ile ya kuwekea mtungi kichwani. Sikuona mwanamke anawezaje kusafiri bila ngata.

Mikindani, tukingoja ngalawa, nikamwona mama wa Kidachi, Mjerumani, ufukweni. Amelala kwenye kiti kirefu cha kitambaa chini ya mwavuli, miguu juu, macho amefumba, mchana kweupe. Nikamwonea huruma.

"Yule anaumwa nini?" nikamwuliza mwenye ngalawa.

"Haumwi. Amekuja kupumzika baharini. Kila mwaka anakuja."

"Kachoka kufanya nini?"

Akacheka mpaka akaacha kamba. "Ewe mtu wa juu, hilo kamwulize mwenyewe!"

Kisiwani dada akanipokea, nikampa shikamoo, akaniitikia huku analia. Kesho yake jogoo wa kwanza nikaamka kama kawaida, nikachukua mtungi na ngata, nikatoka. Nimezunguka kijiji kizima natafuta mteremko. Dada akanikuta kule mwisho kwenye minazi.

"Unakwenda wapi?"

"Kisimani."

"Kisima kiko nyuma ya jiko!"

Kweli, kilikuwa hapo hapo. Nikajaza mitungi yote ya nyumba. Siku zilizofuata nikajaza na ya majirani, maana kukaa nilikuwa siwezi. Wanawake wakanitania. "Wifi, punguza! Waume zetu watataka na sisi tuamke alfajiri." Nikacheka nao, nikaendelea kuchota.

Asubuhi moja nikaona damu. Kidogo tu, lakini nilikuwa naijua. Nikakaa chini palepale kisimani nikamwita dada.

Akanilaza. Yeye akaswali kwa njia yake, nami nikasali kwa yangu, mpaka damu ikakata. Ndipo akaniuliza, "Ulikuja huku kufanya nini?"

"Kupumzika."

"Basi mbona hupumziki?"

"Sijui, dada. Nikikaa bure naona kama naiba kitu cha watu."

Akachukua ngata yangu, akaiweka pembeni ya chumba, akauinua ule mtungi wake mkubwa uliojaa maji, akauweka juu yake. "Ukiitaka, inua mtungi kwanza. Uone kama tumbo litakubali."

Mchana akanitandikia mkeka ufukweni, chini ya mti wa mvinje. Nikakaa, mikono sijui niiweke wapi. Wanawake wakarudi kutoka kuvua pweza, wakaniona.

"Haya, Mdachi! Na kiti chako kiko wapi?"

"Wapagazi bado hawajakileta," nikawajibu.

Wakaangua kicheko, mmoja akanirushia kidafu. Nikanywa, nikajilaza, upepo unapita usoni. Mtoto akacheza tumboni. Nikasema, Bwana, asante, mimi silali kwa uvivu, namshika mtu wako. Tangu siku hiyo nikapumzika kweli, kila siku pale pale, mpaka alama ya mgongo wangu ikabaki mchangani.

Akazaliwa msichana, analia kwa nguvu. Siku mume wangu alipokuja kunichukua, dada akanirudishia ngata, imebonyea na kulowa, haifai tena. Nikaondoka nayo hivyo hivyo.

Nyumbani nikawaeleza wenzangu kisimani. Bibi mmoja akanuna. "Sisi tulipanda na mimba, na nyie mkazaliwa."

Mama yangu akatua mtungi. "Na wale ambao hawakuzaliwa, je?"

Bibi akajitwika mtungi wake akaondoka. Lakini mwaka ule ule binti wa jirani tumbo lilipoanza kuonekana, tukapeana zamu kumchotea maji. Mtu akimwulizia, tunasema, "Yuko kisiwani," na yeye amekaa zake mlangoni juu ya mkeka, anatupungia mkono. Mpaka leo tunafanya hivyo. Siyo wote wanaokubali, ila watoto wapo, wanaonekana.

Mimi sasa naitwa Mama, na jina la mtoto wangu linafuata. Nakuomba usibaki na habari hii peke yako. Ukimwona mwanamke mwenye tumbo amebeba mtungi, mtue kwanza, halafu msimulie. Na yeye amsimulie mwingine.