Gobore Lililotema Mdeki

Jumamosi iliyopita, kwenye uwanja wa shabaha nje ya Fairfax, huku Marekani, niliona jambo ambalo msiponiamini shauri yenu. Pale tunapiga magobore, yale ya kumimina baruti mdomoni na kushindilia risasi kwa mdeki, fimbo ndefu. Fundi wa shabaha pale ni mimi, ila leo nijiweke kando.

Jirani yangu wa Silver Spring, Mtanzania, alikuja na mkewe, nesi wa Kikenya.

"Baba watoto, tangu asubuhi unapiga hewa," mke akasema, mikono kiunoni. "Hii ya mwisho ukimiss, hiyo gobore inatoka kwa ukuta wa sitting room yangu!"

"Mama, we tazama tu!"

Akamimina, akashindilia mbio mbio, akafyatua. Gobore likanguruma, moshi ukatumeza. Ulipopungua, katikati kabisa ya shabaha umesimama mdeki wake, unatikisika kama mkia wa mbwa aliyeona nyama. Alisahau kuuchomoa!

Tukapiga kelele, kofia zikaruka. Mzee msimamizi akaenda kuugusa kwa kidole. "Shabaha imepigwa," akatangaza. "Imepigwa na nini, sikuulizwa."

Mke alicheka mpaka akakaa chini. "Haya, ikae. Lakini na hiyo fimbo naitundika hapo kando yake."

Jana nilikunywa chai kwao. Wageni wote waliuliza habari za fimbo. Bwana akawaambia ndivyo babu zake walivyopiga, kwa makusudi kabisa. Nami, mtu nisiyejua uongo, nikaitikia kwa kichwa.