Kaka yangu husamehe kila mtu, ila mdogo wetu

Admin, tafadhali ficha jina langu, maana Butembo tunajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka 36, Mkatoliki, mama wa watoto watatu, nashona nguo hapa mjini, upande wa Kimemi. Ninayemwandika ni kaka yangu wa tumbo moja. Siku hizi nikimsikia akihutubia natamani kutapika. Nitawaambia kwa nini, ila mjue mapema kwamba hata mimi si msafi.

Kaka alianza maisha kwa kupakua malori kule Kirumba. Alibeba magunia ya maharagwe na viazi mpaka bega lake moja likashuka, halafu wabeba mizigo wenzake wakamchagua kuwa mkubwa wao. Sisemi uongo, aliwatendea haki. Aliyekuwa mgonjwa alipewa mizigo myepesi, na aliyefukuzwa kwa ulevi alirudishwa kazini akiacha pombe. Sasa ni mgombea udiwani wa commune, na kila akishika micro ya kuhutubia, maneno juu ya mtaa wetu ni yale yale: "Mu quartier yetu hakuna mutu wa kutupa! Mutu akianguka, tumuinue, tumupe shansi ya pili!" Watu wanashangilia. Na mimi nilikuwa napiga makofi mpaka viganja vinauma.

Kuna mwizi aliyeiba mbuzi wa marehemu mama. Alipotoka gerezani, kaka alimtafutia kazi kwenye tanuru la matofali, kisha akampandisha jukwaani na kumkumbatia mbele ya umati. Mama mmoja karibu nami alilia.

Basi, tuna mdogo wetu wa mwisho. Nitamwita Kahindo. Alipokuwa na miaka 17 alipata mimba ya mwanajeshi aliyekuwa Mavivi, kule Beni. Baba akamfukuza. Mwanajeshi akahamishwa, na simu yake haikupatikana tena. Baba akafa bila kumsamehe. Kahindo amebaki Mavivi na binti yake wa miaka saba, analima mashamba ya watu, na hali ya mashamba ya kule mnaijua: mtu anatoka asubuhi na jembe, hana hakika kama waasi watamwacha arudi. Anaomba kitu kimoja tu, chumba katika nyumba ya mama. Chumba kipo, kitupu, kimefungwa, na ufunguo uko kwa kaka kwa sababu yeye ndiye mkubwa wetu.

Nilipomwombea, kaka alinijibu hivi: "Hapana kwanza. Batu batasema nini? Bamama ba kanisa bananipigia kura, halafu bajue niko na mudogo mwenye alizaa na soda wa jeshi bila ndoa? Akuye uchaguzi ikiisha."

Nikamwambia, "Yaya," ndivyo tunavyowaita wakubwa wetu, "lakini mwizi wa mbuzi ulimukumbatia."

Hakuona haya hata kidogo. "Ule hapana mutu wa jamaa yetu. Ule hawezi kunichafua."

Nilisikia kinyaa, jamani. Kumbe huruma yake ni ya watu wa mbali tu, wale wasiomgharimu jina.

Sasa niwaambie uchafu wangu. Mwaka jana tuliondoa matanga ya mama. Kahindo alikuja na mtoto. Kaka alikuwa amealika wakubwa wa chama chake, akamtuma Kahindo nyuma ya nyumba akaoshe masufuria na wapishi, asikae na sisi watoto wa marehemu. Alienda na mtoto wake. Mimi nilikuwa nagawa chakula palepale. Mke wa mkubwa mmoja akapita, akamtazama, akaniuliza, "Mama, ule mwenye kuosha anafanana na weye sana. Ni nani?"

Nikajibu, "Ni mutu anatusaidia kazi."

Kahindo alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Hakuinua kichwa, aliendelea kusugua. Binti yake aliniangalia mimi, halafu akamwangalia mama yake. Na mimi nilikwenda kukaa, nikala nyama ya matanga ya mama yangu, nikaomba na nyongeza. Mpaka leo nikikumbuka ile nyongeza najichukia.

Mtauliza kwa nini ninamwogopa kaka. Mume wangu aliponiacha na watoto watatu, ni kaka aliyenifungulia nyumba ileile ya mama. Humo ndimo ninamolala, na chumba kile kitupu tunapakana ukuta. Mimi nafasi ya pili nilipewa. Akinikasirikia, sina pa kwenda.

Juzi amekuja na mpya. Jumapili hii, baada ya misa, ana mkutano mkubwa, na anataka mimi nipande nitoe ushuhuda kwamba familia yetu haijawahi kumtupa mtu. "Weye batakusadiki," akasema, "juu uko mwanamuke, na miye nilikupokea." Nikaitikia kwa kichwa. Ndiyo, niliitikia.

Jana Kahindo akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya furaha, sijaisikia hivyo kwa miaka. "Yaya, nimesikia kaka ku radio! Anasema hakuna mutu wa kutupa. Basi amenisamehe? Nitakuya Jumapili, siku ya mungu, ku mukutano wake, nitasimama mbele, anione na mutoto." Nikasema network ni mbaya, simsikii. Nilikuwa namsikia vizuri kabisa. Nikakata.

Wabeba mizigo wanamhitaji kaka, hilo najua. Nikisema ukweli, namwangusha mbele ya mji mzima, na mimi na watoto wangu tunalala nje. Nikisema uongo, nitausema Kahindo akiwa ananitazama usoni, na amekuja kwa kuamini maneno yetu. Msiniambie nisali, nimeshasali. Nishaurini, ndugu zangu, nikishika ile micro niseme nini? Kahindo ameshafunga mizigo yake, na gari la kutoka Beni linafika kabla misa haijaisha.